Nani Analipa Nauli ya Mwanafunzi?

Juma hili naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mkazi wa Dar es Salaam amelishuhudia, na wengi wetu tumelizoea hata hatulioni tena. Ni saa kumi na mbili na robo asubuhi, kituoni. Daladala inafika, watu wazima wanapanda kwa kusukumana, na watoto wa shule wenye sare zao wanabaki chini. Konda ameuziba mlango kwa mkono. "Wanafunzi wawili tu!" anapiga kelele, na wawili wenye bahati wanapenya chini ya kwapa lake. Waliobaki wanasubiri gari lijalo, ambalo nalo lina konda wake na mkono wake.

Jibu letu la kawaida ni kumlaani konda. Hana adabu, hana utu, hakulelewa. Viongozi nao, kila mmoja kwa zamu yake, wametoa maonyo makali, wametangaza misako, wameagiza trafiki wasimame vituoni. Misako hudumu siku tatu nne, kisha mambo hurudi palepale. Mimi leo sikusudii kumtetea konda, maana wakorofi wapo kwelikweli. Lakini tabia iliyoendelea kwa miongo kadhaa, kwa maelfu ya makonda ambao hawakusoma shule moja wala kulelewa na mama mmoja, haiwezi kuwa ni suala la malezi tu. Ipo hesabu nyuma yake, na hesabu hiyo ina historia.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, usafiri wa mabasi mjini Dar es Salaam ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza iliyojulikana kwa kifupi kama DMT. Miaka mitatu baada ya Azimio la Arusha, yaani mwaka 1970, Serikali iliitaifisha. Mwaka 1974 ikagawanywa mara mbili: mabasi ya safari ndefu yakaenda KAMATA, na ya mjini yakawa ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam, ndiyo UDA. Tangu hapo kubeba abiria mjini kwa nauli bila kuwa UDA lilikuwa kosa.

Vijana wa leo wanaosikia habari ya shirika moja kuachiwa mji mzima hucheka. Wasicheke haraka. Wazo hilo halikuanza na ujamaa. Mjini London, tarehe 5 Agosti 1922, mtu mmoja jina lake Arthur Partridge aliingiza barabarani basi lake binafsi kushindana na kampuni kubwa iliyokuwa imeshika karibu mji wote. Katika miaka miwili mabasi ya namna hiyo yalikuwa mamia, na Waingereza wenyewe waliyaita ya maharamia. Yalifukuzana barabarani, yalikimbilia njia zenye watu wengi saa za watu wengi, na dereva akiona abiria wamejaa upande wa pili aliwashusha aliokuwa nao akageuza. Ndiyo, kukatisha ruti. Hata Waingereza walikatisha ruti! Mwaka 1924 Bunge lao likatunga sheria ya kuyabana, na mwaka 1933 mabasi yote ya London yakawekwa chini ya bodi moja ya umma.

Sababu yao ilikuwa ya kiuchumi. Katika kila mji zipo njia nono na njia kavu, na zipo saa nono na saa kavu. Basi la saa moja asubuhi linajaa; basi hilohilo saa tano lina watu sita. Ukimwachia kila mtu achague, wote watakimbilia penye unono, na mama mgonjwa wa pembezoni anayetaka kwenda kliniki saa tano hatapata gari. Ukimpa mmoja mji mzima, unamwambia: kula unono, lakini kwa faida hiyo uhudumie na ukavu. Hayo ndiyo makubaliano. Mwaka 1966 Halmashauri ya Jiji la Nairobi ilifanya makubaliano ya namna hiyo na kampuni ya Kenya Bus: halmashauri ikachukua robo ya hisa, kampuni ikapewa haki ya kubeba abiria peke yake.

Makubaliano ya namna hiyo yana sharti moja ambalo husahaulika. Faida ya upande mmoja lazima itoshe kufidia hasara ya upande wa pili. Isipotosha, mtu fulani lazima atoe fedha mfukoni.

UDA haikutosha, wala hakuna aliyetoa. Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 356,000 katika mkoa wa Dar es Salaam. Ya 1978 ikahesabu 843,000. Watu waliongezeka zaidi ya mara mbili katika miaka kumi na moja. Wakati huohuo bei ya mafuta ilipanda duniani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vikaja mwaka 1978, na fedha za kigeni zikaadimika. Mabasi yalitoka nje, vipuri vilitoka nje, matairi na mafuta vilihitaji fedha za kigeni. Wakubwa wenzangu wanayakumbuka mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, yale marefu yenye kiungo katikati yaliyoitwa kumbakumba. Lilipoharibika moja, likaegeshwa ili vipuri vyake viokoe la pili. La pili lilipoharibika, likaegeshwa kando ya la kwanza.

Na nauli je? Nauli ilipangwa na dola, nayo ilishikiliwa chini kwa sababu nzuri kabisa: mfanyakazi wa kima cha chini asibebeshwe mzigo. Lakini mzigo haukuondoka, ulihama. Nauli ndogo ya basi lisilokuja si nauli ndogo. Mfanyakazi aliyetembea kwa miguu kutoka Magomeni hadi mjini alilipa kwa soli za viatu. Aliyefika kazini saa nne alilipa kwa karipio la bosi. Hasara ya UDA iligawanywa kwa abiria wake bila kuandikwa katika kitabu chochote.

Hapo ndipo yalipoingia magari ya wizi. Kwanza yale ya chai maharage, yenye mabenchi mawili ambapo abiria walikaa wakitazamana kama walio mezani hotelini. Yalikimbizwa na polisi na bado yalijaa. Mwaka 1983, mwaka uleule ambao wahujumu uchumi walikuwa wakisakwa nchi nzima, Serikali ilikubali kwamba UDA peke yake haiwezi, ikaruhusu watu binafsi kubeba abiria kwa leseni, wakiwa chini ya kivuli cha UDA na wakilipa ada. Nauli ya magari haya ilikuwa shilingi tano. Sarafu ya shilingi tano mitaani iliitwa dala. Makonda wakawa wanaita "dala, dala!", na jina limebaki hadi leo ingawa sarafu yenyewe haitoshi tena kununua hata pipi.

Kilichofuata kinajulikana. Milango ya biashara ilipofunguliwa, mwenye kuweza kupata fedha za kigeni aliagiza gari. Miaka ya 1990 mji ulijaa vipanya, kisha DCM, kisha mabasi madogo yaliyochakazwa Japani yakaja kumalizia maisha kwetu. UDA ikabaki jina na magari machache. Foleni za kusubiri basi saa mbili zilipungua, na hilo ni jema ambalo hatuna budi kulisema, kwa sababu wapo wanaozungumza kana kwamba kabla ya daladala mji ulikuwa peponi.

Lakini tuangalie jinsi gari hilo lilivyoendeshwa, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu.

Mwenye gari, ambaye wafanyakazi wake humwita tajiri hata kama ni mwalimu aliyekopa, aghalabu haendeshi mwenyewe wala halipi mshahara. Humkabidhi dereva gari asubuhi na kumwambia: jioni niletee kiasi fulani. Hiyo ndiyo hesabu. Dereva na konda hununua mafuta, humpoza mpiga debe, hulipa faini, hutoa hesabu, na kinachobaki hugawana. Kikibaki kingi, siku imekuwa njema. Kisipobaki kitu, wamefanya kazi saa kumi na sita bure. Hesabu isipotimia siku mbili tatu, gari hupewa mwingine, na mwingine hakosekani: kila kituo kikubwa kina deiwaka, madereva wasio na gari wanaosubiri mwenzao achoke au afukuzwe. Ndiyo maana dereva hana nguvu ya kubishana na tajiri juu ya kiwango cha hesabu.

Tajiri naye si lazima awe mnyonyaji wa vitabuni. Ana matairi, ana bima, ana leseni, ana mkopo, na hana njia ya kujua konda amekusanya kiasi gani. Hesabu ya kudumu ndiyo njia yake rahisi ya kulala usingizi. Matokeo yake, hatari yote ya biashara, yaani siku ya mvua, siku ya foleni, siku ya abiria wachache, imetuliwa kichwani kwa watu wawili walio maskini kuliko wote waliomo katika biashara hiyo.

Sasa mlete mwanafunzi.

Sheria inasema mwanafunzi abebwe kwa nauli ndogo. Ni sheria ya utu. Tuchukue viwango vilivyopangwa na mamlaka ya udhibiti, LATRA, Desemba 2023: mtu mzima kwa safari isiyozidi kilomita kumi shilingi 600, mwanafunzi 200. Tuseme gari linachukua watu thelathini. Likijaa watu wazima watupu, konda anakusanya shilingi 18,000. Likichukua watu wazima kumi na wanane na wanafunzi kumi na wawili, anakusanya 10,800 na 2,400, jumla 13,200. Pengo ni shilingi 4,800 kwa safari moja. Kwa safari tatu za asubuhi ni shilingi 14,400.

Nani amelipa hizo 14,400? Tajiri hakulipa, hesabu yake iko palepale. Mwenye kituo cha mafuta hakulipa, gari halinywi mafuta kidogo kwa kuwa limebeba watoto. Serikali iliyopanga nauli ya 200 haikulipa hata senti. Mzazi amelipa 200 zake. Fedha zimetoka katika kile kinachobaki jioni, yaani mfukoni mwa dereva na konda. Tumechukua jukumu la taifa, la kuwafikisha watoto shuleni, tukalikata vipandevipande, na kila kipande tukamkabidhi kijana asiye na mkataba wala pensheni, kisha tukashangaa kwamba anaziba mlango.

Tena tazama jinsi uzani ulivyobadilika. Mwaka 2013 nauli ya chini ya mtu mzima ilipandishwa kuwa shilingi 400, na ya mwanafunzi ikawa 200. Wanafunzi wawili walikuwa sawa na mtu mzima mmoja. Mwaka 2022 ya mtu mzima ikawa 500, na ya mwanafunzi ikabaki 200. Mwaka 2023 ikawa 600, na 200 ikabaki 200. Kila mara ilitangazwa kwamba wanafunzi hawatapandishiwa, nasi wazazi tukafurahi. Hatukuona kwamba kila tulipofurahi, mtoto wetu alizidi kuwa ghali machoni pa konda. Katika miaka kumi aliteremka kutoka nusu ya abiria hadi theluthi ya abiria.

Na wanafunzi wenyewe wameongezeka. Shule za kata zilijengwa kwa wingi katikati ya miaka ya 2000, na kuanzia Januari 2016 ada ikafutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Jijini, watoto wengi hupangiwa shule mbali na nyumbani, pengine kwa magari mawili kwenda na mawili kurudi. Mtoto wa Mbagala hawezi kutembea hadi mjini. Anayeachwa kituoni asubuhi anakuta vipindi viwili vimepita. Anayeachwa jioni anafika nyumbani usiku. Na msichana anayesimama kituoni hadi giza hukutana na mwenye gari au pikipiki anayemwambia panda mwanangu nikusogeze, na wazazi wanajua ni wangapi waliosogezwa hivyo na ni nini kilichofuata. Hiyo nayo ni sehemu ya nauli, ingawa haimo katika jedwali la mamlaka.

Majirani zetu wa Kenya walijaribu dawa nyingine, ya nidhamu. Kwao matatu zilihalalishwa kwa tamko la Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1973, lililoziondolea sharti la leseni ya usafirishaji, na makubaliano ya 1966 yakaanza kuoza polepole, kwa kuwa matatu zilikula unono na kuiachia Kenya Bus ukavu. Mwaka 2004 waziri John Michuki alitekeleza kanuni zake zilizosifiwa hadi huku kwetu: kidhibiti mwendo, mikanda, mstari wa njano, sare, marufuku kusimama ndani ya gari. Matatu zilizokuwa zikibeba watu 18 zikabaki na viti 14. Lilikuwa jambo jema kwa usalama. Lakini viti vinne vilivyong'olewa vilikuwa vikichangia hesabu ya jioni. Nauli zikapanda mara moja, na asiyeweza kulipa akatembea. Kanuni zilitaka pia dereva na konda waajiriwe kwa mshahara. Vidhibiti mwendo vilionekana, sare zilionekana. Mishahara haikuonekana sana, na hesabu ya kila siku ikaendelea kama kawaida. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya ililazimika kuzifufua kanuni zilezile kwa msako mpya.

Kwetu sheria ya ajira ya mwaka 2004 nayo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi. Madereva wa mabasi walipogoma nchi nzima Aprili na Mei 2015, moja ya madai yao lilikuwa hilohilo: mikataba. Miaka kumi na moja baada ya sheria, walikuwa bado wanaiomba.

Wapo watakaosema dawa ni mwendokasi. Mabasi hayo yalianza Mei 2016 katika barabara ya Morogoro, nauli ya njia kuu ikawa 650, mwanafunzi 200. Hapo angalau dereva hupewa mshahara na hana sababu ya kumfukuza mtoto mlangoni. Hilo ni tofauti kubwa, na ni ushahidi wa hoja yangu kwamba tatizo si tabia. Lakini pengo kati ya 650 na 200 halikufutika kwa kuwa basi ni refu. Lilihamia katika vitabu vya mwendeshaji, na sisi wenye umri tumekwisha kuona huko nyuma kinachotokea katika yadi ya mabasi wakati vitabu havilingani.

Hata teksi za simu zimepitia mlango huohuo. Mwaka 2022 LATRA ilipanga viwango vya nauli na kuamuru kamisheni ya makampuni isizidi asilimia 15, ili dereva abakiwe na kitu. Kampuni ya Uber ilisimamisha huduma zake nchini Aprili mwaka huo, ikarejea mwaka 2023 baada ya kiwango kupandishwa hadi asilimia 25. Kampuni ina pa kwenda ikikataa kubeba hasara. Dereva aliyekodishiwa gari kwa hesabu ya siku hana.

Nilitaja London ya maharamia. Mwaka 2005 mji huohuo uliwaruhusu watoto walio chini ya miaka 16 kupanda mabasi bure kabisa. Dereva wa London hapungukiwi kitu akibeba watoto arobaini, kwa sababu mamlaka ya usafiri ya jiji huilipa kampuni kwa kuendesha njia, na gharama ya watoto huingia katika bajeti ya jiji. Sisi hatuna fedha za London, hilo najua. Lakini hata leo fedha za kuwasafirisha watoto wetu zinatolewa kila asubuhi; tofauti ni kwamba kwetu hazimo katika bajeti yoyote.

Kuziandika si kazi ya miujiza. Kwa viwango vya 2023 pengo ni shilingi 400 kwa mtoto kwa safari. Mtoto wa magari manne kwa siku, siku ishirini za shule kwa mwezi, ni shilingi 32,000 kwa mwezi. Zidisha kwa wanafunzi wote wanaopanda daladala katika mkoa ambao sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38, utapata tarakimu itakayomfanya waziri yeyote wa fedha akohoe. Mbunge wa kijijini, ambako mtoto hutembea kilomita saba kwenda shule, atauliza kwa nini kodi ya mpiga kura wake imlipie mtoto wa Dar es Salaam. Swali lake litakuwa la haki. Pengine jibu ni kwamba jiji lijilipie lenyewe, kwa tozo ya maegesho au ya magari binafsi yanayoziba barabara. Pengine jibu ni kuwapangia watoto shule za karibu, ili magari manne yawe mawili au yasiwepo kabisa. Na mbunge wa mjini naye atauliza maswali yake.